Mwandiko wa Molekuli: Kutoka Ncha ya Wino Mpaka Kipanya

Kuna mwandiko mmoja duniani ambao Mchina, Mjerumani na Mpare wanausoma sawasawa bila kujua neno hata moja la lugha ya mwenzake. Ni ile michoro ya pembesita na mistari ya kupinda unayoiona kwenye vitabu vya kemia vya sekondari, au kwenye karatasi nyembamba iliyokunjwa mara nane ndani ya paketi ya dawa. Sisi watu wa fasihi tunaijua historia ya maandishi: picha za Misri, khati ya Kiarabu, alfabeti ya Kirumi, mashine ya kuchapa, kompyuta. Mwandiko huu wa wanakemia tunaupita kama vile ni urembo wa ukurasa.

Mimi nataka tusimame hapo leo. Siku hizi michoro hiyo inachorwa kwa programu za kompyuta, na nimegundua kwamba historia ya programu hizo inauliza maswali yaleyale tunayoyauliza kuhusu vitabu. Nani alishika kalamu? Nani aliandikiwa? Na mashine ilipopewa kazi ya kuandika, je, ilielewa inachokiandika, au ilikuwa inanakili tu?

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1808 John Dalton wa Manchester alitoa kitabu ambamo kila atomi ilikuwa duara lenye alama yake. Duara tupu lilikuwa oksijeni, lenye nukta katikati hidrojeni, jeusi tii kaboni. Miaka michache baadaye Msweden Jöns Jacob Berzelius akaleta herufi: O, H, C, N. Dalton hakuzipenda herufi hizo kabisa. Lakini zilishinda, na sababu moja ilikuwa ya kawaida sana: wachapaji walikuwa nazo tayari. Berzelius mwenyewe alisema herufi ni rahisi kuandika na haziharibu sura ya kitabu. Kwa hiyo tangu mwanzo kabisa, chombo cha kuchapia kilikuwa na kauli katika jinsi kemia inavyoandikwa.

Tatizo ni kwamba herufi zinahesabu tu. Andika C2H6O. Hiyo inaweza kuwa kileo kilichomo kwenye bia, na inaweza kuwa dimethili etha, ambayo ni gesi. Atomi ni zilezile kwa idadi ileile, vitu viwili tofauti. Tofauti iko kwenye nani kashikana na nani. Ndipo mistari ikaingia. Mwaka 1858 Mskoti Archibald Scott Couper aliunganisha herufi kwa mistari, na mwaka huohuo Mjerumani August Kekulé akaeleza jinsi kaboni inavyoshikana na kaboni nyingine huku kila moja ikiwa na mikono minne. Mskoti mwingine, Alexander Crum Brown, akachora vizuri zaidi mwaka 1864, na akatoa tahadhari: mistari yake haisemi atomi ziko wapi, inasema tu zimefungamana vipi. Ni mchoro wa ujamaa, kama ule wa ukoo. Ukichora babu juu na wajukuu chini, humaanishi kwamba babu anaishi darini.

Mwaka 1865 Kekulé akapendekeza kwamba kaboni sita za benzini zimefunga pete. Baadaye sana, mwaka 1890, kwenye sherehe aliyofanyiwa Berlin, alisimulia kwamba wazo lilimjia akisinzia karibu na moto, akaona nyoka anajing'ata mkia. Simulizi hiyo imezunguka dunia nzima. Kisichosemwa sana ni kwamba kijana Kekulé alikwenda chuo kusomea usanifu wa majengo kabla ya kuvutwa na kemia. Jicho lake lilikuwa la mchoraji.

Bado karatasi ni bapa, na vitu si bapa. Mwaka 1874 Mholanzi Jacobus van 't Hoff, kijana wa miaka 22, alitoa kijitabu akisema mikono minne ya kaboni imetawanyika pande nne za hewani, kama kona za piramidi. Mfaransa Le Bel alifikia hoja kama hiyo wakati uleule. Mwaka 1877 mzee Hermann Kolbe alimkejeli van 't Hoff kwa maandishi makali, hadi kumsimanga kwamba anafundisha chuo cha mifugo. Mwaka 1901 Tuzo ya Nobel ya Kemia ilitolewa kwa mara ya kwanza, na aliyeipokea alikuwa huyohuyo van 't Hoff.

Ili kuionyesha hewa hiyo kwenye karatasi, wanakemia walikuja kukubaliana alama mbili. Mstari mnene unaopanuka kama kabari maana yake atomi inakuja kwako, msomaji. Mstari wa vipande vipande maana yake inakwenda nyuma ya karatasi. Usione ni kitu kidogo. Kuna molekuli inaitwa kavoni. Ichore kwa kabari, unapata harufu ya nanaa. Ichore ileile kwa vipande mahali pa kabari, unapata harufu ya kisibiti. Ni kama mkono wa kulia na wa kushoto: vidole vilevile, lakini glavu haibadilishani. Katika mwandiko huu kabari moja inafanya kazi ambayo kwetu irabu moja inaifanya kati ya "kula" na "kila".

Sasa fikiria kuichora kwa mkono. Kwa zaidi ya miaka mia moja, makala ya kemia ilihitaji mtu mwenye mkono uliotulia. Alikuwa na rula, kalamu ya wino ya wachora ramani, kiolezo cha plastiki chenye matundu ya pembesita, na karatasi za herufi za kusugua, zile unazozikandamiza moja moja mpaka zishike. Kosa likitokea, unakwangua wino kwa wembe au unaanza upya. Profesa akibadilisha mawazo kuhusu kabari moja usiku, asubuhi mchoro mzima unarudiwa. Na mara nyingi aliyerudia hakuwa profesa. Alikuwa mchoraji wa idara, katibu muhtasi, mwanafunzi, au mke. Majina yao hayako juu ya makala. Kazi yao ipo, imetapakaa kwenye majarida, wewe ukiitazama.

Cha kushangaza ni kwamba kompyuta haikuletwa kwanza kumpunguzia mtu huyu kazi. Ililetwa kusoma. Huko Columbus, Ohio, shirika la Chemical Abstracts Service lilikuwa linaorodhesha kila kemikali inayotajwa kwenye maandiko ya dunia, na likakumbana na swali ambalo mhakiki yeyote wa miswada atalitambua: watu wawili wakichora kitu kimoja kwa namna mbili, utajuaje kwamba ni kimoja? Mmoja ameanzia kushoto, mwingine ameigeuza juu chini. Mwaka 1965 Harry Morgan alichapisha njia ya kuzipa atomi namba kwa kufuata majirani zake, na majirani wa majirani zake, ili mchoro wowote wa molekuli ileile uishie kwenye orodha moja. Hapo molekuli iliacha kuwa picha. Ilikuwa sasa orodha ya atomi na orodha ya vifungo, na sura yake ni suala la baadaye.

Miaka minne mbele, Oktoba 1969, Elias James Corey na Todd Wipke wa Harvard walichapisha kwenye jarida la Science maelezo ya mashine iliyofanya jambo la kiutu zaidi. Mwanakemia alikaa mbele ya skrini, akashika kalamu ya umeme juu ya kibao, akachora molekuli anayoitamani. Kompyuta ilisoma mchoro huo kisha ikamrudisha nyuma hatua kwa hatua: ili upate hii, unahitaji ile, ili upate ile, anzia kwenye hii ya dukani. Programu iliyokua kutokana na kazi hiyo iliitwa LHASA. Corey alipata Nobel mwaka 1990 kwa nadharia na mbinu za kupanga utengenezaji wa molekuli. Kwa hiyo mwanakemia aliyekaa mbele ya skrini ile hakuwa anataka picha nzuri. Alitaka kuzungumza na mashine, na lugha pekee aliyokuwa nayo mkononi ilikuwa mchoro.

Picha nzuri ilikuja kwa mlango mwingine, na hapa ndipo napenda zaidi. David Evans alihamia Harvard mwaka 1983. Kemia yake ilikuwa hasa ya kuamua atomi ikae mbele au nyuma, yaani makala zake zilikuwa zimejaa kabari. Aliyemchorea alikuwa mkewe, Selena, ambaye wote walimwita Sally. Januari 1984 Apple ikatoa Macintosh: skrini nyeusi na nyeupe ya nukta 512 kwa 342, na kipanya. Sally akajaribu kuhamishia kazi yake humo kwa programu ya kawaida ya kuchora. Iliwezekana, lakini kwa taabu, kwa sababu programu ile haikujua kwamba mistari miwili iliyokutana imekutana. Kwake ilikuwa mistari tu.

Pale pale Harvard alikuwepo kijana Stewart Rubenstein, mmoja wa watu wa LHASA. Yeye alitoka kwenye ukoo wa mashine inayosoma. Sally alitoka kwenye ukoo wa mkono unaochora. Walipokutana, pamoja na David, ikazaliwa ChemDraw, Julai 1985. Rubenstein aliandika programu, Sally akaitumia na kusema nini kinamkwaza, na programu ikarekebishwa. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mwaka huohuo printa ya leza ya Apple, yenye nukta 300 kwa kila inchi, ilikuwa imeingia sokoni, kwa hiyo kabari iliyochorwa kwenye skrini ilitoka kwenye karatasi ikiwa na makali yake. Kwa miaka michache tu, vile violezo vya plastiki vikabaki kwenye droo.

Mimi nimeuona mpito huo kwa upande mwingine kabisa. Kwa muda nilifanya kazi kwenye duka la steshenari karibu na chuo, nachapa tasnifu za wanafunzi kwa ukurasa. Wanafunzi wa fasihi walikuja na maandishi, wa sosholojia walikuja na majedwali. Wa kemia tuliwakimbia. Mtu anakuletea daftari, anasema, "Dada, naomba unichoree na hizi." Ni pete tatu zimeungana, mkia, na kabari mbili. Tulikuwa tunaunganisha mistari ya programu ya kuandikia barua, mmoja mmoja. Ukiongeza aya moja juu, pete zote zinatawanyika kama kuku waliosikia mwewe.

Siku moja binti mmoja wa shahada ya pili alikuja na flashi yenye programu ya bure ya kuchorea molekuli. Akasema, "Dada, subiri nikuonyeshe." Bonyezo moja, pembesita. Ukivuta mstari kutoka kwenye kona, wenyewe unajiweka kwenye pembe ya digrii 120. Sikuandika kaboni hata moja, kwa sababu kila kona isiyo na herufi ni kaboni. Hidrojeni programu ilizihesabu yenyewe. Kisha, kwa makusudi, akaipa kaboni moja mkono wa tano. Programu ikalalamika. Alicheka, akaniambia wanakemia wana jina la utani kwa kosa hilo: kaboni ya Texas, kwa sababu nyota ya Texas ina ncha tano.

Hicho ndicho kilichonivuta mpaka leo ninaandika haya. Programu ya kawaida ya kuchora inakuachia uchore upuuzi wowote. Hii ilikuwa na sarufi. Ukitazama ndani ya faili linalohifadhiwa, mara nyingi hukuti picha. Kwenye aina moja inayotumika sana, iliyotoka kwa kampuni ambayo Wipke alishiriki kuianzisha, unakuta orodha ya atomi na mahali zilipo, halafu orodha ya vifungo: atomi ya kwanza na ya pili, kifungo kimoja, ya pili na ya tatu, kifungo pacha. Kabari inaandikwa 1, mstari wa vipande unaandikwa 6. Ile tofauti ya nanaa na kisibiti inakaa kwenye tarakimu moja.

Na kama maandishi yote yanayofika mbali, mwandiko huu ukasanifiwa. Programu hizi zinakuja na vipimo vya Chama cha Kemia cha Marekani: urefu wa kifungo sentimita 0.508, unene wa mstari pointi 0.6, herufi za Arial ukubwa wa 10. Ukifungua majarida ya zamani unaona mikono tofauti. Kuna mwenye pete nono, kuna mwenye pete zilizolala. Leo mchoro wa Nairobi na wa Tokyo unaweza kufanana kama mapacha. Sisi tunaijua hadithi hii. Mwaka 1928, kwenye mkutano wa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 kamati ya lugha ikaanza kukisimamia. Tulipata vitabu vinavyosomeka kutoka pwani hadi maziwa makuu. Kimvita, chenye hazina yake ya tenzi, kikaambiwa kisubiri pembeni. Sidai kwamba pete nono ina thamani ya utenzi. Nasema tu kwamba usanifishaji una bei, na ni vizuri kujua nani kailipa.

Kuna hatari nyingine kubwa kuliko hiyo. Sarufi si ukweli. Chukua karafuu. Harufu yake, na ile ganzi unayoisikia ukiiweka kwenye jino linalouma, ni kazi ya eugenoli: pembesita moja yenye matawi matatu, na tawi moja ni mkia wa kaboni tatu. Ukitaka vanilini, harufu ya vanila, kwenye skrini ni mchezo wa mtoto. Futa kaboni ya mwisho ya mkia, inayofuata ibadilishe iwe oksijeni, weka kifungo pacha. Sekunde tano. Kwenye sufuria mambo si hayo. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, viwanda vya Ulaya vilitengeneza vanilini kwa eugenoli ya mafuta ya karafuu, na karafuu nyingi za dunia zilitoka Unguja na Pemba. Ilibidi eugenoli ichemshwe na alkali ili kifungo pacha kihame, kisha ioksidishwe, kisha isafishwe. Nyuma ya mabonyezo yale matatu kuna moto, na nyuma ya moto kuna wachumaji waliopanda mikarafuu na kuanika vikonyo juani.

Programu haijui hayo. Itakuchorea molekuli ambayo hakuna aliyewahi kuitengeneza kwa utulivu uleule inaokuchorea sukari, ili mradi mikono imetimia. Wasomaji wa riwaya hatushangai. Sentensi inaweza kunyooka kisarufi na ikawa uongo mtupu. Ila mwandiko wa mkono ulikuwa na breki yake. Aliyekwangua wino kwa wembe alikuwa na muda wa kujiuliza kama kitu anachokichora kinawezekana.

Hata hivyo sitamani turudi kwenye wembe. Mwaka 1977 watafiti akina Isao Kubo na Koji Nakanishi walitangaza molekuli kutoka kwenye mti wa Afrika Mashariki, Warburgia ugandensis, ambayo inawafanya viwavijeshi wakatae kula. Waliiita muzigadiali, kutokana na muziga, jina la mti huo huku kwetu. Kwa hiyo neno la kwetu limo kwenye orodha ya kemia ya dunia. Lakini wakati ule, ili kuiandika molekuli hiyo ikubalike jaridani, ulihitaji mchoraji, vifaa, na muda. Leo binti yule wa steshenari anahitaji flashi. Zipo programu za bure kabisa, nyingine zinafunguka kwenye simu, na kalamu imehama kutoka ofisi za wachache. Hilo mimi nalihesabu kuwa jambo kubwa, sawa na siku kitabu kilipoacha kunakiliwa kwa mkono.

Mwaka 1988 Mmarekani David Weininger alichapisha njia ya kuiandika molekuli kwa mstari mmoja wa herufi za kawaida, unaoweza hata kutumiwa kwa ujumbe wa simu. Nakuachia mmoja: COc1cc(CC=C)ccc1O. Unakili, ubandike kwenye programu yoyote kati ya hizo, na itakuchorea pembesita yenye matawi matatu. Hiyo ni karafuu. Ukimaliza kuitazama, futa kona moja, uone mashine inasema nini.